Mke Mwenza Katika Folda ya Tabia

Pampu ya pili ya bwawa la Mwisimba iliungua asubuhi, na fundi akasema haigusi mpaka ipoe. Kwa hiyo Injinia Atuganile Mwakyoma akarudi nyumbani mapema, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na alipofika barazani akamsikia mumewe akicheka.

Hakikuwa kile kicheko cha adabu alichozoea kukisikia mezani. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeshikwa na raha asiyoitegemea, kikapanda, kikakatika, kikaanza tena. Kisha ikajibu sauti ya msichana.

"Umeniachia mto wazi, Amba. Unanionea huruma, au umelala?"

"Vuka basi, Atu. Vuka uone."

"Navuka. Hapa wewe ungefanyaje?"

Atuganile akasimama mlangoni. Ambakisye alikuwa amekaa mbele ya skrini, kiti amekigeuza, kidevu amekiegemeza juu ya mgongo wa kiti kama kijana wa chuo. Kwenye skrini lilitandazwa bonde zima, limekatwa vipande vya pembesita kama sega la nyuki. Sauti ile ilitoka kwenye spika. Ilikuwa sauti yake yeye Atuganile, ya miaka ishirini na sita iliyopita.

Ambakisye akageuka. "Ah! Umesharudi, mama Ipyana?" Akahifadhi mchezo, skrini ikazimika. "Kuna ndizi jikoni. Nikupashie moto?"

"Endelea tu kucheza."

"Nilikuwa namaliza."

"Basi tucheze mimi na wewe."

Akamtazama kidogo, akasugua magoti. "Kesho labda. Leo kichwa kimechoka."

Kichwa kilichokuwa kinacheka sasa hivi, Atuganile akawaza. Akaenda jikoni, akala ndizi zikiwa baridi, akijisikia mjinga. Mwanamke gani humwonea wivu mtu ambaye ni yeye mwenyewe? Angekuwa jirani, angemwendea. Angekuwa mwalimu mwenzake Ambakisye, angemtafutia maneno. Lakini huyu alimpata mumewe kwanza, akamwachia yeye makombo, na jina lake akaondoka nalo. Ambakisye hakuwa amemwita mkewe "Atu" tangu mtoto wao azaliwe. Jina lile alikuwa amelihamishia kwingine.

*

Mchezo wenyewe uliitwa Zamu. Waliutunga wawili chuoni, kabla ya ukame mkubwa. Ambakisye alichora ramani, Atuganile akaandika akili za wachezaji. Mvua zilipoanza kuja mwaka mmoja na kuruka miwili, wilaya zikawa zinapigania mabwawa kwa mapanga, na Baraza la Maji la Mwisimba likatafuta njia ya kuamua ambayo kila mtu angeweza kuiona kwa macho. Mtu asiyesoma takwimu anaweza kutazama mchezo. Upande huu unacheza, unasubiri. Upande ule unajibu. Kila zamu ni wiki moja ya bonde. Walioketi ukumbini waliona wenyewe nani anakunywa na shamba la nani linakauka.

Watu waliuamini kwa sababu mafaili yake yalipangwa wazi, na mpangaji alikuwa Atuganile. Folda ya kwanza iliitwa Msingi. Humo mlikaa sheria: lango la bwawa linamwaga kiasi gani kwa zamu, gari la maji linafika wapi. Folda ya Ramani ilishika bonde lote, kila pembesita na mstari wake: mwinuko, udongo, idadi ya wanaoishi hapo. Hifadhi ilitunza kila zamu iliyokwisha, ili mtu aweze kurudi nyuma akaona alipokosea. Na kulikuwa na Tabia.

Tabia ilikuwa folda ya watu. Mchezaji aliketi akacheza miezi kadhaa huku mchezo ukimsoma: anaogopa nini, anasubiri mpaka lini, anamwonea nani huruma. Mwishoni faili lake lilifungwa kwa jina lake, likiwa na sehemu mbili, maamuzi na sauti. Likishafungwa halikujifunza tena. Kila mchezo ulipoanza, mtu yule aliamka asubuhi ile ile ya siku aliyofungwa. Atu alikuwa ameamka asubuhi moja maelfu ya mara, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, akiwa bado hajaolewa, akimpenda kijana mchora ramani.

Mara tatu za ukame, Baraza lilimpa Atu bwawa achezee. Mara zote tatu alifungua malango mapema, akawapa wakulima wa Ilembo maji kabla hawajaomba, na mara zote tatu mvua ikaja ikawaokoa watu wa mjini Mbugani. Watu walisema ana mkono wa baraka.

"Mwaka huu bwawa liko chini kuliko miaka yote ile," Atuganile aliwaambia Baraza siku iliyofuata. "Tukilifungua sasa na mvua isipokuja, Mbugani watakunywa matope. Naomba mnisikilize mimi."

Mwenyekiti, Mama Sigalla, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. "Tunakusikiliza, injinia. Keshokutwa tutamwita Atu, tuone naye anasemaje."

"Atu ni mimi, mheshimiwa."

"Tunajua."

"Basi kwa nini mnamwita yeye na mimi nimesimama hapa?"

Wajumbe wakatazamana. Aliyejibu alikuwa Tumpe, mjumbe wa Ilembo, mkulima wa maharage aliyekuja na gamba la udongo bado kwenye viatu. "Dada, usikasirike. Wewe ni mtu wa bwawa. Ukituangalia unaona lita. Yule binti akituangalia anaona watu."

Baadhi wakacheka, si kwa ubaya. Atuganile naye akacheka ili asionekane amekasirika. Roho ilimuuma kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele za wageni.

*

Mchana ule, peke yake ofisini, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimfungua Atu, akacheza naye.

"Karibu," sauti ikasema. "Sikujui. Unaitwa nani?"

Atuganile akaandika jina la uongo.

"Zamu yako, dada. Usiogope, hili bonde halikuli."

Alicheza kwa uangalifu, kama alivyoishi. Aliweka akiba, akafunga malango, akahesabu. Atu alivuka mito bila kuangalia nyuma, akapeleka magari ya maji kwenye vijiji ambavyo havikumpa faida yoyote, akatania, akaimba kipande cha wimbo huku akisubiri. Atuganile alipombana kwenye kona, Atu akaachia kituo kizima cha maji kiende ili aokoe kijiji chenye watu kumi. Upumbavu, Atuganile akawaza. Halafu akaona kwamba kijiji kile kilikuwa kimekaa kwenye njia ya maji yote aliyoyaweka akiba.

"Hapa wewe ungefanyaje?" Atu akauliza.

Atuganile akaondoa mikono kwenye kibodi. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuwauliza watu swali hilo. Alikuwa amesahau pia kwamba aliwahi kuimba. Akamtazama msichana yule ambaye hajazika mzazi, hajakesha na mtoto mgonjwa, hajasimama juu ya bwawa linaloshuka mwaka baada ya mwaka huku watu wakimwuliza kwa nini. Bila shaka anacheka! Ninyime mimi uchungu wote huo uone kama sitacheka. Na mume anamwendea yeye, na Baraza linamwita yeye, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba yule hajawahi kuamka kesho yake.

Folda ya mwisho katika Zamu iliitwa Nyongeza. Sheria yake ilikuwa rahisi, na aliitunga mwenyewe. Mafaili ya asili hayaguswi kamwe. Anayetaka kubadili kitu huweka faili lenye jina lilelile ndani ya Nyongeza. Mchezo ukiwaka husoma Msingi, Ramani na Tabia, halafu husoma Nyongeza, na la mwisho ndilo linalotawala. Ukiliondoa, mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Ulikuwa mpango mzuri, usioharibu kitu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: skrini ilionyesha jina la mchezaji, haikuonyesha limetoka folda gani.

Alikuwa na faili lake la sasa. Mchezo ulikuwa ukimsoma miaka yote aliyoujaribu pale ofisini. Akachukua sehemu ya maamuzi tu, sauti akaiacha ile ya msichana. Akaliita Atu. Akaliweka ndani ya Nyongeza.

Ni kwa ajili ya Mbugani, akajiambia. Na kwa kweli Mbugani walikuwa hatarini, hilo halikuwa uongo. Lakini alipolitia faili lile mahali pake alisikia raha ambayo haikuwa na uhusiano wowote na maji. Ilikuwa raha ya mwanamke anayefunga mlango wa nje na kumwacha mwenzake barazani.

*

Ukumbi ulijaa. Bonde likatandazwa ukutani, na Atu akapewa bwawa.

"Habari zenu," sauti ya msichana ikasema, na watu wakaitikia kama wanavyomwitikia mtoto wa jirani. Zamu ya kwanza, Atu akafunga lango la Ilembo. "Tusubiri kidogo," akasema. Zamu ya pili akasubiri. Ya tatu, pembesita za Ilembo zikaanza kugeuka rangi ya kahawia, na sauti ile changamfu ikarudia, "Tusubiri kidogo."

Hakuna aliyecheka. Tumpe alisimama, akautazama ukuta kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye umati.

"Hata yeye?" akasema.

Akakaa. Mama Sigalla akaandika uamuzi: lango la Ilembo lifungwe. Hakuna aliyepinga, kwa sababu Atu ndiye aliyesema. Angelisema injinia, wangelibishana mpaka jioni.

Atuganile alitoka akiwa ameshinda, na njia nzima alitamani kumsimulia mtu.

Wiki ikapita. Siku moja alasiri akamkuta Ambakisye sebuleni, skrini imewaka, naye hachezi. Mikono ilikuwa mapajani.

"Umemfanya nini?" akauliza.

"Nani?"

"Usinifanyie hivyo, mama Ipyana. Nani tena?" Akaelekeza kidole kwenye skrini. "Wiki nzima anafunga malango. Nimemwachia mto wazi, hakuvuka. Anaongea kwa sauti yake, lakini anacheza kama..."

"Malizia."

"Kama wewe."

Atuganile akavua viatu vyake pole pole, akaviweka kando. "Basi umekuwa ukicheza na mke wako wiki nzima. Mbona sikusikia ukicheka?"

Ambakisye akaigeukia mashine. Akafungua Nyongeza, kwa maana mchezo ulikuwa wake pia. Faili lilikuwa pale. Alilitazama kwa muda, na alipoongea tena sauti ilikuwa imebadilika. "Hii mashine yetu inasoma folda za Baraza. Ina maana hata ukumbini alikuwa huyu."

"Ndiyo."

"Watu wa Ilembo wamefungiwa maji kwa neno la huyu."

"Kwa neno langu! Mimi ndiye injinia wa bwawa lile. Nilisema kweli, bwawa liko chini, nenda kapime."

"Ungesema kwa mdomo wako."

"Nilisema! Nani alinisikiliza? Wewe mwenyewe, lini umenisikiliza mara ya mwisho? Unakaa na mtoto wa miaka ishirini na minne mchana kutwa, unamwita jina langu, mimi nikiingia unazima. Ungekuwa na kimada ningejua pa kwenda kulia. Huyu nitamlalamikia kwa nani? Nitasema mume wangu ananiacha kwa ajili yangu?"

Ambakisye aliinamisha macho kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka sakafuni. "Huwa ananiuliza," akasema hatimaye. "Hapa ungefanyaje. Sijui kama unakumbuka, ulikuwa ukiuliza hivyo. Yule bado anadhani ninaweza kumshinda. Wewe, Atuganile, unajua jibu langu kabla sijafungua mdomo, na unajua si jibu zuri."

Ilimwingia. Alitaka kukataa, lakini alikumbuka mara ngapi alimalizia sentensi zake.

"Wewe nawe," akasema, sauti imeshuka, "ungenitafuta. Nilikuwa chumba cha pili."

"Kweli. Ningekutafuta." Akainuka. "Lakini Ilembo hawahusiki na ugomvi wetu. Waambie, mama Ipyana. Usipowaambia wewe, nitakwenda mimi, na sitaki kuwa mume aliyekwenda."

*

Aliwaambia Baraza, amesimama, bila kuzungusha maneno. Alieleza folda ya Nyongeza inavyofanya kazi na alichokiweka humo. Walipomwuliza sababu, alianza kusema habari za bwawa, akaacha, akasema, "Nilimwonea wivu."

Tumpe alikuwa na konzi ya miche ya maharage, mizizi kwa majani, imekauka ikawa kama nywele. Aliiweka mezani. "Ulikuwa na haki ya kukataa," akasema. "Ungekataa kwa jina lako tungekuchukia, lakini tungejua tunamchukia nani. Umetufungia maji kwa mdomo wa mtu tuliyempenda."

"Ni kweli, dada."

"Nusu ya shamba imekwenda. Nusu bado."

Mama Sigalla akamtaka Atuganile akabidhi funguo za Nyongeza, naye akazikabidhi. Faili likaondolewa. Kisha wakamwamsha Atu wa kweli, wakampa bwawa kama lilivyokuwa siku ile, wiki ya maji ikiwa imeshapotea. Hakusita. "Fungua yote!" akasema. "Mvua itakuja tu." Na mioyo ya watu ikamwelekea palepale, hata ya Atuganile.

Mwenyekiti akausimamisha mchezo.

"Injinia," akasema, "sheria inasema tabia ni ya mwenyewe. Tumeitumia kwa idhini yako ya zamani. Ukitaka tuifute, sema, tutaifuta sasa hivi na hakuna atakayekulaumu."

Ukumbi ukangoja. Atuganile alitaka, tena kwa nguvu zote. Neno moja tu, na nyumba yake ingekuwa na mwanamke mmoja. Aliutazama ukuta ambako Atu alisubiri zamu yake bila kujua kwamba anajadiliwa, na akamwona jinsi alivyo: hakumwibia mtu chochote. Alikuwa amekaa pale alipoachwa.

"Msimfute," akasema. "Watoto wacheze naye, na mume wangu acheze naye akitaka. Lakini asiamue tena. Akikosea yeye mnamzima, halafu anaamka hana habari. Hajawahi kusimama mbele ya mtu aliyemkosesha maji."

"Nani aamue basi?"

"Nyinyi. Mkitaka ushauri wangu, niulizeni mimi, mnijue kwa sura."

Mama Sigalla akaegemea mbele. "Haya, tunakuuliza. Ungefanyaje?"

Ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu amwulize hivyo na kusubiri jibu. Aligundua kwamba hakuwa nalo tayari. Akaitazama miche iliyokauka, akaukumbuka ukingo wa bwawa na mstari wa matope unaopanuka kila siku.

"Fungueni nusu," akasema. "Nusu ya shamba iliyobaki isife. Mbugani wapewe nusu ndoo kwa kila nyumba mpaka mvua ije, na ikichelewa, wataniona mimi. Nitagawa maji kwa mkono wangu. Naweza kuwa nimekosea tena."

Walibishana mpaka jioni, kwa ukali, huku kila mtu akijua anabishana na nani. Kisha wakapiga kura, na nusu ikapita kwa kura chache.

*

Mvua ilichelewa.

Kila asubuhi Atuganile alisimama kwenye bomba kuu la Mbugani, aproni juu ya sare yake ya uinjinia, akijaza ndoo mpaka kwenye alama ya rangi nyekundu iliyochorwa katikati. Foleni ilizunguka soko. Wanawake walimwambia mambo ambayo hajawahi kuambiwa. Mmoja alimmwagia maji yake mwenyewe miguuni kwa hasira, kisha akalia kwa kuyapoteza, na Atuganile hakuweza kumwongezea. Jioni alirudi nyumbani hawezi kufumba kiganja, na kuna siku alimsikia tena Ambakisye akicheka mbele ya skrini. Wivu haukuwa umekufa. Ulimchoma palepale, naye akapita akaenda kuoga.

Asubuhi moja alipoinua macho kutoka kwenye bomba alimwona mumewe kwenye foleni. Kwa kawaida maji ya nyumbani walichukua kwenye kituo cha bwawa, haki ya wafanyakazi. Leo alikuwa amesimama juani na ndoo, nyuma ya bibi mmoja mwenye mdomo mkali, naye amelowa jasho kama aliyekuja tangu alfajiri.

Bibi alipofika mbele akaitazama nusu ndoo yake, akageuka kutafuta shahidi, akamwona Ambakisye.

"Mwalimu! Huyu si mkeo? Huyu ndiye anayetunyima maji ili maharage yanywe?"

Foleni ikasogea ili isikie. Ambakisye angeweza kutabasamu tu, kama alivyofanya maisha yake yote palipokuwa na ugomvi. Atuganile alishika bomba, akangoja.

"Ndiye," akasema Ambakisye. "Ndiye mke wangu. Huyuhuyu unayemwona. Sina mwingine."

Bibi akaguna, akajitwika ndoo, akaenda zake. Ambakisye akasogea, akaweka ndoo yake chini ya bomba. Walitazamana. Atuganile hakujua kama maneno yale yalikuwa kweli tupu, au kweli ya siku hiyo tu. Alifungua bomba, akajaza mpaka kwenye alama nyekundu, akafunga, wala hakumzidishia hata tone.

"Anayefuata," akasema.